Dinari mbili za Msamaria: Nsambya na gharama ya kumhudumia mgeni

Mahubiri mengi juu ya Msamaria mwema huishia barabarani. Mhubiri humwonyesha kuhani akipita kando, Mlawi naye akipita kando, kisha mtu wa jamii iliyodharauliwa akisimama na kumwinamia majeruhi, na hapo waumini huambiwa wakatende vivyo hivyo. Lakini simulizi lenyewe, katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, linaendelea. Baada ya kumwosha majeraha kwa mafuta na divai, Msamaria alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumuuguza usiku ule. Kulipokucha alimkabidhi mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataifidia atakaporudi. Dinari moja, tukifuata mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ilikuwa ujira wa kutwa. Maana yake mtu huyu alitoa jasho la siku mbili kwa ajili ya asiyemjua, na juu yake akaacha deni lisilo na kikomo kwa dhamana ya neno lake. Huruma ndiyo iliyomsimamisha njiani, lakini majeruhi alipona kwa sababu palikuwa na kitanda, mtu wa kumhudumia na fedha ya kulipia.

Hoja ya makala haya imejengwa juu ya dinari hizo. Kumtendea wema mgeni mwenye shida kunakuwa ushuhuda kamili wa imani ya Kikristo pale wema huo unapopewa nyumba, ujuzi, zamu na bajeti, hata ukaweza kuendelea baada ya yule aliyeguswa kwanza kwenda zake. Wema usiofika hapo bado ni wema, wala hakuna haki ya kuudharau, ila humwacha majeruhi katikati ya njia. Ushahidi wa hoja hii hauko mbali. Uko Nsambya, kilima kilicho kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, katika Divisheni ya Makindye, ambako kwa zaidi ya miaka 120 imani imejaribiwa kwa kipimo cha nani anapokelewa, anapokelewa vipi, na nani analipa.

Kilima kilichozaliwa na ugomvi

Tusianze kwa kuipamba Nsambya. Misheni yake ilitokana na ugomvi wa Wakristo wenyewe. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita pale Mengo. Wakatoliki waliitwa Wafransa kwa sababu mapadri wao walitoka Ufaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na bunduki za Kapteni Frederick Lugard ndizo zilizoamua nani ashinde. Wamisionari wa Mill Hill, Wakatoliki kutoka Uingereza, walifika Kampala mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, na sababu mojawapo ya kuletwa kwao ilikuwa kuondoa dhana kwamba kila Mkatoliki ni mtu wa Ufaransa. Jina la askofu huyo lipo hadi leo kwenye Barabara ya Hanlon, zilipo ofisi kuu za Kanisa Katoliki la Uganda. Kwa hiyo wa kwanza kuhitaji kufundishwa maana ya jirani kilimani hapa walikuwa wabatizwa wenyewe.

Tarehe 15 Januari 1903 waliwasili masista sita wa Kifransisko kutoka abasia ya Mtakatifu Maria, Mill Hill, London. Mmoja wao alikuwa Mwairishi wa miaka 27, Teresa Kearney, aliyekuja kujulikana kote Uganda kama Mama Kevin. Zahanati yao ilianza chini ya mwembe. Miaka hiyo malale ilikuwa ikifyeka watu Busoga na kando ya Ziwa Viktoria, na kabla janga halijatulia watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa. Wanawake sita, wageni wa nchi na wa lugha, wasingeweza kulimaliza janga la ukubwa huo kwa huruma. Walichoweza kufanya ni kurudi pale pale kila siku, mpaka kivuli cha mwembe kikawa wodi na wodi ikawa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Nsambya. Tofauti kati ya huruma na huduma iko katika kurudi huko. Aliyesaidiwa mara moja hushukuru, lakini anayejua kwamba mlango utakuwa wazi hata Alhamisi ijayo ndiye anayeweza kumbeba mtoto wake mwenye homa kutoka kijiji cha mbali.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, majeshi ya Kizungu yalibebewa mizigo na wapagazi Waafrika, wale ambao kikosi chao kimeacha kumbukumbu kwenye majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Hospitali ya Nsambya ilitumika kuwatibu wapagazi hao, na Mama Kevin alikasirishwa waziwazi na jinsi walivyotendewa. Mwezi Desemba 1918 alipewa nishani ya MBE na serikali ya Uingereza kwa huduma aliyowapa majeruhi wa vita. Mpagazi alikuwa mgeni kwa maana zote: ametolewa kwao, hana jina kwenye daftari la familia yoyote ya karibu, na wakubwa wake walimhesabu kama chombo cha kubebea. Kumpa kitanda kulikuwa kukataa hesabu hiyo. Na hasira ya aliyempa kitanda inatuonyesha kwamba huduma ya kweli hufumbua macho, kwa kuwa anayeosha vidonda kila siku hulazimika kuuliza vinatoka wapi.

Hatua zilizofuata hazina mvuto wa picha ya mwembe, lakini ndizo zenye uzito. Mwaka 1921 Mama Kevin, pamoja na daktari mlei Evelyn Connolly, alianzisha Nsambya shule ya uuguzi na ukunga. Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, alianza na wasichana wanane shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo leo lina watawa Uganda, Kenya na Tanzania. Matendo haya mawili yalikuwa kumkabidhi mwenye nyumba dinari na funguo pamoja. Mgeni aliyekuja kuwahudumia wenyeji aliwaandaa wenyeji wawahudumie wageni, na kazi ikaacha kutegemea meli ijayo kutoka Ulaya. Mama Kevin alifariki Oktoba 1957 nchini Marekani, na Wakatoliki wa Uganda walitaka mwili wake urudishwe akazikwe Nkokonjeru. Hospitali haikufa pamoja naye. Ilikuwa na wakunga wake, waliosomea pale pale.

Kuna funzo jingine katika neno ukunga. Kwa muda mrefu Kanisa Katoliki liliwazuia watawa wa kike kufanya kazi ya kuzalisha, kwa hofu kwamba haipatani na nadhiri zao. Wakati huo huo akina mama walikuwa wakifia kwenye uchungu mbele ya macho ya wamisionari. Ni mwaka 1936 tu ambapo Roma ilitoa maelekezo yaliyoruhusu na hata kuhimiza watawa wajifunze utabibu na ukunga. Kwa maneno mengine, mama asiyejulikana na yeyote Roma, aliyelala juu ya mkeka Afrika au Asia, alichangia kuibadili sheria ya Kanisa. Anayedhani kwamba imani ni kitu kilichokamilika ambacho muumini humpelekea mhitaji kama zawadi, na atazame hapa. Mhitaji naye humrekebisha muumini, na Kanisa linalokubali kurekebishwa na majeruhi huwa limeusoma mfano wa Luka kwa makini.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni wa mwaka 1987. Ukimwi, uliotambuliwa wilayani Rakai miaka michache kabla, ulikuwa ukijaza wodi, na wagonjwa wengi walikuwa wamekimbiwa na jamaa zao. Nsambya, kwa uongozi wa Sista Miriam Duggan, daktari wa magonjwa ya wanawake, ilianzisha huduma ya kuwafuata wagonjwa nyumbani. Mwaka huo huo Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioathirika. Hakukuwa na dawa ya kurefusha maisha. Muuguzi aliyeingia chumba cha kupanga na kumgeuza ubavu mgonjwa mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia mlangoni, akambadilisha shuka na kumpaka dawa kwenye vidonda vya kulala, alikuwa akifanya tiba na mahubiri kwa pamoja. Majirani waliona kwamba mtu huyu anagusika. Hata hivyo muuguzi yule alihitaji gari, mafuta, orodha ya nyumba za kutembelea na mwenzake wa kumpokea zamu. Ujasiri wake ulikuwa wa rohoni, lakini ulisafiri kwa mafuta ya gari.

Mgeni asiye na wa kumuuguza

Nani majeruhi wa Nsambya leo? Tumtazame kwa karibu. Katika hospitali za Uganda, kama ilivyo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mgonjwa halazwi peke yake. Ndugu huja naye, hulala juu ya mkeka chini ya kitanda, humfulia, humchemshia uji, hukimbia na karatasi kwenda duka la dawa na kurudi na sindano. Chupa ya chai, beseni, sabuni, kikombe na shuka hutoka nyumbani. Mama anayekwenda kujifungua anatarajiwa kufika na vifaa vyake: karatasi ya plastiki ya kulalia, glavu, pamba, wembe na uzi wa kufungia kitovu. Kwa mwenye jamaa utaratibu huu ni mzigo, lakini unabebeka. Kwa mgeni ni ukuta. Mwanamke aliyefika Kampala wiki iliyopita kwa basi kutoka mpaka wa Kongo anaweza kupewa kitanda na daktari, akakosa mtu wa kumshikia mtoto mkubwa wakati anamzaa mdogo. Umaskini wake wa kwanza ni kukosa watu, na wa fedha unafuata nyuma yake.

Wanawake wa namna hiyo si wachache. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, idadi isiyofikiwa na nchi nyingine yoyote ya Afrika katika miaka ya karibuni. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, jambo ambalo mataifa tajiri kuliko Uganda hayajathubutu. Wengi wanaishi kwenye makazi kama Nakivale na Kyangwali, lakini zaidi ya 100,000 wako Kampala, wakiwemo Wakongo, Wasomali, Waeritrea, Warundi na Wasudani Kusini. Anayechagua mji huachana na mgawo wa chakula na kutarajiwa ajitegemee. Miji ya Kongo ilipotekwa, Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, msururu mwingine ulivuka mpaka. Wengi wa Wakongo hawa wana lugha moja kubwa ya kuombea msaada, nayo ni Kiswahili.

Hapa msomaji wa Kiswahili anapaswa kutulia kidogo. Kampala ni jiji la Kiluganda na Kiingereza. Kiswahili kiliingia masikioni mwa raia wengi kupitia kambi za jeshi na polisi, na Nsambya yenyewe ina kambi kubwa ya polisi. Wengi wa kizazi cha utawala wa Idi Amin walikisikia kama lugha ya amri na ya vizuizi vya barabarani, na ingawa Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi, kumbukumbu haifutwi kwa azimio. Mkongo anayesema Kiswahili dirishani pa mapokezi huweza kuonekana mtu wa kutiliwa shaka kabla hajaonekana mgonjwa. Kwa hiyo parokia inayompeleka kliniki muumini wake mmoja anayejua lugha zote mbili, kwa siku maalumu na saa maalumu, inatoa dinari isiyochapishwa na benki yoyote. Mtu anayeweza kueleza maumivu yake na akaeleweka amevuka nusu ya ukuta.

Mapingamizi yanayostahili jibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba wema wa misheni ulikuwa chambo cha kuvulia waumini. Hatuwezi kulikanusha moja kwa moja. Kampala ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na mashindano: hospitali ya Waanglikana Mengo tangu 1897, ya Wakatoliki Rubaga, kisha Nsambya, na kila kilima kilitaka watu wake. Penye ushindani wa namna hiyo, mgonjwa angeweza kuhisi kwamba anatakiwa kulipa kwa ubatizo. Lakini kipimo cha kulihukumu kosa hilo kimo ndani ya imani yenyewe. Msamaria hakumuuliza majeruhi anaabudu mlima gani, ingawa Wayahudi na Wasamaria walitengana kwa swali hilo hilo. Katika karne ya 4 Kaizari Julian, aliyetaka kuifufua dini ya kale ya Warumi, alilalamika kwamba Wakristo wanawalisha hata maskini wasio wa dini yao na kuwaaibisha makuhani wake. Ushuhuda ule ulikuwa na nguvu kwa sababu chakula hakikuwa na sharti. Siku kinapotolewa kwa sharti la kubadili dini kinageuka biashara, na aliyekipokea ana haki ya kuondoka bila shukrani.

Pingamizi hili lina tawi lake: je, Waislamu na wasio na dini hawatendi wema? Wanatenda, na aliye Nsambya hana haja ya kusafiri ili athibitishe. Ng'ambo ya bonde kuna kilima cha Kibuli, chenye msikiti na hospitali ya Waislamu inayowapokea Wakristo. Kusema kwamba wema ni tunda la imani ya Kikristo si kudai hati ya kuumiliki. Yesu mwenyewe alipotaka kielelezo cha jirani alimwacha kuhani wa dini yake na kumchagua mtu ambaye wasikilizaji wake walimwona mpotofu. Mkristo anayeikumbuka hadithi hiyo atafurahi kushirikiana na Kibuli, na ataona aibu iwapo Kibuli itaamka mapema kuliko yeye.

La pili husikika zaidi vijiweni: wa kwetu kwanza. Maskini wa Uganda wamejaa, kodi za nyumba Kabalagala na Katwe zinapanda, na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tuutazame msemo huo vizuri. Wahenga hawakusema siku ya tatu mfukuze. Walisema mpe jembe, yaani mpe nyenzo, mpe sehemu ya kulima, mwingize katika kazi ya nyumba. Uganda imekuwa ikifanya hivyo kwa maana halisi kwa kuwapa wakimbizi viwanja vya kulima katika makazi, ingawa viwanja vinazidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Mjini jembe hilo hugeuka kuwa cherehani, darasa la Kiingereza, mtaji wa meza ya mboga. Pia mipaka kati ya wetu na wageni si ya kudumu. Mwaka 1942 Wapolandi waliotolewa Siberia walianza kupokelewa Nyabyeya karibu na Masindi na Koja kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1972 Waasia waliozaliwa Uganda waligeuzwa wageni kwa tangazo moja na kupewa siku 90. Baada ya kuanguka kwa Amin mwaka 1979, Waganda wa eneo la West Nile walikimbilia Kongo na Sudan, na leo wanawapokea Wasudani Kusini kwenye ardhi yao. Sheria ya Musa iliwaamuru Waisraeli wampende mgeni kwa sababu wao wenyewe waliwahi kuwa wageni Misri. Uganda haihitaji kwenda Misri kujifunza somo hilo. Na zaidi ya yote, kitanda kilichojengwa kwa ajili ya asiye na mtu humfaa pia mwenye watu. Mamilioni ya wenyeji wamezaliwa na kutibiwa katika hospitali za misheni zilizoanza kwa kuwapokea watu ambao waanzilishi hawakuwajua.

La tatu ni la wasomi: kazi hii ni ya serikali, na hisani ya makanisa huwapa watawala kisingizio cha kulala. Sehemu ya kwanza ni kweli. Uganda ilipofuta malipo katika vituo vya umma mwezi Machi 2001, maskini walifurika kliniki, na hakuna kapu la sadaka lingeweza kufanya jambo la ukubwa huo. Lakini sehemu ya pili haifuati. Mtandao wa afya wa Kikatoliki unaoratibiwa kutoka Nsambya una hospitali zaidi ya 30, nyingi vijijini, na serikali yenyewe huutegemea na kuuchangia kiasi. Huduma inayotunza kumbukumbu huwa pia shahidi. Anayejua ni wajawazito wangapi walifika wamechelewa, na kwa sababu gani, ana silaha ya kudai barabara, gari la wagonjwa na wakunga ambayo mlalamikaji wa gazetini hana. Hasira ya Mama Kevin juu ya wapagazi ilikuwa na uzito kwa kuwa alikuwa amewaosha.

La nne ndilo chungu zaidi, na Wakristo hulikwepa. Hospitali za kanisa zinatoza fedha. Maskini hutazama msalaba juu ya lango, kisha hutazama bei kwenye dirisha la malipo, na hujiuliza kama ni nyumba moja. Jibu rahisi ni kwamba mishahara, oksijeni na umeme hulipiwa, na misaada ya Ulaya iliyobeba gharama hizo imepungua. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Turudi kwa Luka. Mwenye nyumba ya wageni hakulaumiwa kwa kupokea malipo. Alistahili kulipwa, na fedha ikatoka. Kasoro ya wakati wetu iko kwa wasafiri: nyumba ya wageni ipo, majeruhi yupo, ila Msamaria amekwisha kufika nyumbani akidhani kwamba wajibu ulikoma alipoita boda boda. Parokia zenye fedha za kujenga mnara, kununua vyombo vya muziki na kumwandalia askofu karamu zinaweza kulipia vitanda vya wasio na mtu. Nayo hospitali iliyojengwa kwa sadaka ina wajibu wa kuweka fungu la wasioweza kulipa, kulitangaza wazi, na kueleza kila mwaka limemsaidia nani na kiasi gani. Pande zote mbili zikitimiza lake, bei haitakuwa tena ukuta.

Limebaki pingamizi la udanganyifu na utegemezi. Wapo wanaojifanya wagonjwa, na wapo wanaoanzisha vituo vya mayatima ili kuvuna fedha za wafadhili wakati watoto wana wazazi hai. Tatizo hili la vituo limeisumbua Uganda kiasi cha kuifanya serikali na makanisa kusukuma watoto warudishwe katika familia. Ndiyo sababu nasisitiza utaratibu. Anayegawa noti kupitia dirisha la gari hawezi kumtofautisha tapeli na mhitaji, wala hatajua kesho kama alisaidia au aliharibu. Timu yenye daftari, inayomtembelea mtu nyumbani na kumuuliza jirani yake, hutofautisha mara nyingi zaidi. Na nyumba ya wageni katika mfano haikuwa makazi ya kudumu. Msamaria alilipia uponyaji ili mtu aendelee na safari yake. Huduma ya nyumbani ya mwaka 1987 ilifuata mantiki hiyo hiyo, kwa kumhudumia mgonjwa ndani ya nyumba yake badala ya kumtenga. Huduma yoyote isiyo na mpango wa kumwezesha mtu kuondoka imeanza kumhitaji maskini kuliko maskini anavyoihitaji.

Imani inayoweza kukaguliwa

Huenda mtu akaona kwamba mazungumzo haya ya bajeti na zamu yanaipoza roho ya upendo. Historia inasema vingine. Basili, askofu wa Kaisaria katika nchi tunayoiita leo Uturuki, alipokabiliwa na njaa katika karne ya 4 alihubiri dhidi ya wenye maghala, kisha akajenga nje ya mji nyumba za wagonjwa, wasafiri na wenye ukoma. Mahubiri yaliamsha dhamiri, na majengo yaliilinda isilale tena. Huku kwetu, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha Nalukolongo, Kampala, nyumba ya wazee na walemavu wasio na jamaa, mwaka 1978, wakati wa utawala wa Amin, ambapo kila mtu alikuwa na sababu ya kujifungia ndani. Aliikabidhi kwa watawa aliowaanzisha kwa jina la Msamaria Mwema. Papa Fransisko alipoitembelea Novemba 2015, nyumba hiyo ilikuwa imeendelea na kazi kwa zaidi ya miaka 20 baada ya kifo cha mwanzilishi wake. Mwaka 2000 Dkt. Matthew Lukwiya, Mprotestanti aliyeongoza hospitali ya Kikatoliki ya Lacor, Gulu, alibaki wodini na wauguzi wake wakati wa Ebola mpaka ugonjwa ukamuua Desemba 5. Ushujaa wake haukuanza siku ya mlipuko. Ulikuwa umejengwa kwa miaka ya zamu za kawaida, na watu waliozoea kufika kazini kila asubuhi ndio walioweza kufika asubuhi ile ya hatari.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya makanisa ya Nsambya, na ya kila mji wenye wageni, inaweza kutajwa bila mafumbo. Kila parokia iwe na fungu la wageni katika bajeti yake, linalosomwa mbele ya waumini pamoja na mapato ya sadaka. Kila jumuiya ndogo ndogo ichukue zamu ya kumuuguza mgonjwa mmoja asiye na ndugu: kumpelekea uji, kumfulia, kumkimbilia dawa. Wenye Kiswahili, Kifaransa au Kisomali waandikishwe kama wakalimani wa kliniki. Mfuko wa vifaa vya kujifungulia uwe tayari kabla mwenye uchungu hajabisha hodi. Na anayepona asaidiwe apate jembe lake, la shambani au la mjini.

Katika sura ya 25 ya Mathayo, Hakimu wa mwisho anauliza juu ya mambo ambayo yote huhesabika: sahani za chakula, maji, nguo, kitanda kwa mgeni, ziara kwa mgonjwa na mfungwa. Haulizi tulijisikia vipi tulipowaona. Kanisa linalosubiri maswali hayo halina sababu ya kuogopa kujikagua sasa, kila robo mwaka, kwa daftari lililo wazi. Parokia itakayoona safu ya wageni haina kitu ijue kwamba ibada yake imepungukiwa, hata kama kwaya iliimba vizuri. Na itakayoona majina, vitanda vilivyolipiwa na watu walioondoka kwa miguu yao wenyewe, iyasome mapato na matumizi hayo mbele ya altare bila kuona haya, kwa maana nayo ni kanuni ya imani.